Gwanda Si Tikiti

Tarehe 1 Agosti 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi safari za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, mji ambao mwaka 1973 uliteuliwa kuwa makao makuu ya Tanzania na kuchorewa ramani mpya. Mwendo huo wa takriban kilomita 460, ambao kwa basi humaliza mchana kutwa, treni huukata kwa muda usiozidi saa nne hivi. Twawapongeza ndugu zetu. Hata hivyo, sisi wa majeshi na polisi tuna swali letu: reli ikishalazwa, ataitunza nani?

Dodoma haikuiona reli mara ya kwanza mwaka 2024. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita mjini hapo ikaenda kuishia Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia bara, majeshi ya upande wa Waingereza yaliiteka Dodoma mwezi Julai 1916, na Wajerumani katika kurudi nyuma waliyavunja madaraja ya njia ile ile waliyoijenga. Hapo askari hupata somo la kwanza: katika vita, reli hulengwa mapema.

Somo la pili ni la wakati wa amani, na ni gumu zaidi, kwa kuwa adui wa reli hapo hana bendera. Ni yule afunguaye vyuma usiku akaviuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na yule ajengaye kibanda ndani ya eneo la reli. Njia yetu ya zamani, iliyofika Kampala mwaka 1931, imeumizwa sana na mikono ya namna hiyo.

Jambo hili sasa limetukaribia. Mwezi Oktoba 2024 Serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na Yapi Merkezi, kampuni ya Uturuki iliyojenga njia ya Dodoma, ili ijenge reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, takriban kilomita 272. Kwetu hapa Bukoto, ambako foleni ya magari humlia mtu asubuhi yake, habari hiyo haiwezi kukosa kufurahisha.

Lakini furaha haitunzi reli. Ipo desturi mbaya, ijulikanayo katika nchi nyingi, ya mwenye sare kudhani kwamba gwanda ni tikiti. Hupanda chombo, hukunja uso, na kondakta humpita kwa hofu. Treni ya Dodoma ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida iliwekwa shilingi 31,000 za Tanzania. Fedha kama hizo ndizo zinunuazo umeme na vipuri, na ndizo zilipazo mishahara ya mafundi.

Wako watakaosema kwamba askari ameitolea nchi jasho na damu, na mshahara wake ni mdogo. Ni kweli. Basi akisafiri kikazi apewe waranti, na ofisi yake ilipe. Akienda likizo, alipe kama raia. Mshahara mdogo hudaiwa kwa wakubwa wa kazi, haudaiwi kwa kondakta.

Tena, yako madhara makubwa kuliko nauli. Polisi aliyeonekana jana akisafiri bure atamwambia nini leo kijana aliyekamatwa na chuma cha reli mkononi? Kijana atajibu kwamba kila mtu huchukua sehemu yake. Hapo ulinzi umekwisha, hata kama bunduki ina risasi tele.

Kwa hiyo, maafande na vijana wetu, tuanze sasa, kabla treni mpya haijapiga honi Kampala. Tulipe nauli, tuwafichue wezi wa vyuma na wanunuzi wao, na tumheshimu kondakta kazini mwake. Raia hufuata alionalo kwa mwenye sare kuliko asikialo kwake.