Zima, Kisha Uwashe

Kuna maneno yaliyonitoa jasho kuliko hesabu zote nilizowahi kufunga, nayo ni haya: zima, kisha uwashe. Mpigie simu muuza intaneti, umwambie njia haipiti, hayo ndiyo utakayoambiwa. Ukisema umekwisha kuzima na kuwasha, utaambiwa uzime tena, safari hii usubiri sekunde 30. Nami nasema kwamba kwa shida niliyokuwa nayo ule haukuwa ushauri. Ilikuwa ni namna ya kumfukuza mtu mlangoni bila kumtamkia toka.

Mimi ni mtunza hesabu wa chama kidogo cha kuweka na kukopa, na vitabu vya chama vimo katika kompyuta iliyoko nyumbani kwangu Dar es Salaam. Mama alipougua ikanibidi niende Tanga kumuuguza. Kabla ya kuondoka nilijitengenezea VPN, yaani handaki lililofungwa kwa ufunguo wa siri, ili niketi Tanga na kufanya kazi kwenye kompyuta ile kana kwamba niko sebuleni. Katika rauta nilifungua mlango wa 51820, ambao programu ya WireGuard huutumia kwa kawaida, nikauelekeza kwenye kompyuta. Nilipojaribu ningali nyumbani, mambo yalikuwa shwari. Kumbe mlango nilikuwa nimeujaribu kwa ndani!

Nilipofika Tanga halikupita hata neno moja. Mwezi wenyewe ulikuwa Januari, na wanachama wawili walikuwa wakingoja mikopo ya ada za watoto. Mpwa wangu aliyebaki nyumbani alizima na kuwasha rauta mara sita. "Mjomba," akaniambia, "taa zote zinawaka, na hata filamu inaonyesha vizuri tu."

Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa na adabu, sikatai. Aliniita mzee wangu kila baada ya sentensi. Lakini nilipotaja VPN akashusha sauti kana kwamba nimetaja bangi. Najua hofu hiyo ilikotoka. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka watu na makampuni yanayotumia VPN wajiandikishe kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Haya, kujiandikisha ni kujiandikisha. Tangazo lile halikumwambia muuza intaneti aache kumjibu mteja wake. Kijana akamalizia kwa kusema ati rauta yangu imezeeka. Nikamtuma mpwa wangu Kariakoo akanunua mpya, nayo ikafanya yaleyale.

Ukweli niliupata kwa njia ambayo ingechukua dakika tano siku ya kwanza. Nilimwambia mpwa wangu afungue ukurasa wa rauta, anisomee anwani ya IP iliyopewa upande wa nje. Ilianza na 100.72. Kisha afungue mojawapo ya kurasa zinazomwonyesha mtu anwani yake inavyoonekana duniani. Hiyo ilianza na 41. Anwani mbili tofauti! Rauta yangu, basi, haikuwa imesimama barabarani. Ilikuwa imesimama ndani ya ua wa kampuni, pamoja na rauta za wateja wengine, na wote tukitoka kwa lango moja. Anayetoka hupita, na jibu lake humrudia. Ndiyo maana filamu ilionyesha. Anayebisha hodi kutoka nje huishia langoni, kwa kuwa mlinzi hajui anamtaka nani kati yetu. Mlango niliofungua mimi ulikuwa wa chumba changu. Lango la ua sikuwa na ufunguo wake, na kuzima rauta hata mara mia kusingenipa.

Watetezi wa makampuni watasema anwani zimekwisha. Ni kweli. Anwani za mtindo wa zamani hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala kuu lilitoa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Mwaka 2012 ndipo lilipotengwa fungu maalumu, kuanzia 100.64 hadi 100.127, kwa ajili ya kuchangia kwa namna hii. Sigombi na kuchangia. Mbona daladala tunachangia! Lakini kondakta haniuzii kiti cha daladala akakiita teksi. Kampuni ilijua tangu siku ya kwanza kwamba nimo uani. Kwa nini fomu niliyotia saini haikusema? Kwa nini kijana yule hakufundishwa kuuliza swali moja tu, "Mzee wangu, anwani ya rauta yako inaanza na ngapi?" Anwani yangu peke yangu ipo, nilikuja kuambiwa baadaye, ila ni kwa wateja wa biashara na kwa malipo ya ziada. Laiti ningeambiwa mapema, pengine ningelipa, na fedha ya Kariakoo ingebaki mfukoni.

Usidhani ni mimi peke yangu. Jirani yangu hufanya kazi za ofisi yake kupitia VPN. Yake ilikuwa ikiunganika vizuri, ila akifungua faili kubwa, kimya. Naye akaambiwa azime, awashe. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine kabisa. Kifurushi cha data kwa kawaida hakizidi baiti 1500; aina ya muunganisho wake hula 8 kati ya hizo, na VPN huongeza gamba lake juu. Vifurushi vidogo vilipenya na vikubwa vikakwama, na taarifa ya kusema "punguza" ikazuiwa njiani. Tulishusha kipimo hadi 1400 kwenye kompyuta yake, na mafaili yakafunguka kabla chai haijapoa.

Mama alipopata nafuu nilipanda basi nikarudi Dar, nikaandika mikopo ile miwili kwa mkono wangu. Shule zilikuwa zimefunguliwa wiki mbili nyuma. Kisha nikaiandikia kampuni barua, nikaambatisha risiti ya rauta mpya, nikauliza kama anwani niliyouziwa ni yangu au ya wengi. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu. Liliniomba nizime rauta, nisubiri sekunde 30, kisha niwashe.