Uchovu wa Mpiga Kura



Dominika iliyopita, baada ya Misa, tulisimama kivulini pamoja na wazee wa Katuba, tukizungumza habari za uchaguzi. Mmoja wao, aliyefanya kazi mgodini miaka mingi, alisema: “Mimi nimechoka. Mara ijayo nitabaki nyumbani, nilale.” Hakuna aliyemkemea. Nasi hatukumkemea, kwa maana uchovu wake twaujua; hata sisi tunao.

Nani katika Lubumbashi asiyekumbuka kampeni ya mwaka 2023? Ilianza tarehe 19 Novemba, ikamalizika tarehe 18 Desemba, wakati wa mvua, ikaingia hata katika Majilio. Vipaza sauti vililia tangu asubuhi hata usiku. Vikwembe na fulana zenye sura za wagombea ziligawiwa. Barabara, maji, umeme, kazi kwa vijana: vyote viliahidiwa. Kisha mvua ikazibandua picha ukutani, na katika nyua nyingi bomba likabaki kavu kama zamani.

Uchovu huo waonekana hata katika hesabu. Mwaka 2006, katika duru ya kwanza, kwa kila watu 100 walioandikwa, kadiri ya 70 walipiga kura. Mwaka 2018 walikuwa kadiri ya 47, na mwaka 2023 kadiri ya 43. Kweli, si wote waliokosekana walikuwa wamechoka: wengine kadi zao zilifutika maandishi, na vituo vingine vilichelewa kufunguliwa. Tena wako waliovunjwa moyo na hesabu ya kura yenyewe. Januari 2019 maaskofu wetu walitangaza kwamba matokeo yaliyotolewa hayakulingana na yale waliyoyakusanya waangalizi wao. Jeraha hilo si dogo, wala hatutaki kulifunika kwa maneno matamu.

Lakini tutazame nyuma kidogo. Desemba 1957, mji huu ulipoitwa bado Elisabethville, wenyeji walipiga kura kwa mara ya kwanza, kuchagua washauri wa komini. Baba zetu walikwenda. Mama zetu hawakuruhusiwa, wala hawakuruhusiwa Mei 1960. Mwaka 1970 mgombea urais alikuwa mmoja tu. Basi kura hii tunayotaka kuitupa, wako waliongoja miaka mingi wasiipate.

Je, uchovu wetu watoka wapi? Twaona ya kuwa sehemu yake yatoka kwetu sisi wenyewe. Kampeni ni siku thelathini, bali muda wa mbunge ni miaka mitano. Nasi twampa masikio yetu siku thelathini, kisha twalala miaka mitano. Tena twamwomba asichoweza kutoa. Kazi ya mbunge wa taifa si kuchimba kisima. Ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali. Mbunge wa jimbo ndiye anayemchagua gavana na maseneta. Anayeahidi daraja kwa mfuko wake mwenyewe, na aulizwe mfuko huo umejazwa na nani.

Twamfahamu mama mmoja, mwuza unga, ambaye huandika katika daftari la watoto wake kila ahadi inayotolewa katika uwanja wao, pamoja na siku na jina. Mgombea mmoja aliporudi baada ya miaka mitano kuomba tena kura, mama yule alisimama akamsomea. Hakutukana, hakupaza sauti. Watu wakanyamaza wote, na yule bwana hakujua la kujibu. Bomba halikutoka siku ile, twakiri. Lakini jirani watatu walinunua madaftari juma lilelile.

Ndugu, hatuwaambii kwamba kura moja itaponya nchi. Twawaambia tu kwamba anayelala hadai. Mzee wetu wa Katuba ana haki ya kuchoka. Na apumzike, kisha aamke, akaulize wabunge wake wamefanya nini tangu walipoketi vitini. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Na deni lisiloandikwa, mdaiwa hulisahau upesi.