Wiki Moja ya Kiingereza kwa Mtoto wa Shule ya Kata

Asubuhi ya kwanza kambini nilimwamkia mwalimu wa zamu shikamoo. Akatabasamu, akanionyesha kibao kilichobandikwa mlangoni pa bwalo: Kiingereza tu, kuanzia uji wa asubuhi hadi taa kuzimwa. Maneno ya salamu niliyajua. Nilikuwa nimeyaimba miaka mingi darasani, sote 60 tukiwa tumesimama, sauti moja. Lakini kumtazama usoni mtu wa umri wa mama yangu na kumpa salamu ile ile ambayo yeye angenipa mimi kulinishinda. Kiingereza hakina shikamoo. Nilinyamaza mpaka saa nne.

Nilikuwa nimetoka kumaliza darasa la saba katika shule ya serikali, na nilifika pale kwa ufadhili. Wenzangu wengi walikuwa wamelipiwa na wazazi wao. Sisi wa ufadhili tulikuwa wanne, na tulijulikana kwa magodoro yetu. Ilikuwa wiki moja tu, Jumapili hadi Jumamosi, kabla ya Januari ya kuingia kidato cha kwanza.

Wiki ile nitaitetea mbele ya yeyote. Kinachonisumbua ni mambo yanayosemwa siku ya kugawa vyeti. Mgeni rasmi husimama na kusema kwamba watoto hawa sasa wako tayari kwa sekondari, wazazi hupiga makofi, wafadhili hupiga picha. Swali la kujiuliza ni hili: fedha ya kumtoa mtoto wa maskini kwao na kumzamisha siku saba katika Kiingereza, inanunua nini hasa? Maana inanunua kitu, na kitu hicho ni cha thamani. Ila si kile anachokitangaza mgeni rasmi.

Tuanze na kile inachonunua. Kipindi cha darasani ni dakika 40. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 60. Tuseme mwalimu anyamaze kabisa, asiandike ubaoni, asiite majina, awaachie watoto wapokezane kusema: kila mmoja atapata sekunde 40. Kambini tulikaa vikundi vya watu wanane, na nikikadiria kwa tahadhari, nilizungumza saa mbili kwa siku kwa siku sita. Hizo ni saa 12. Kuzikusanya darasani, sekunde 40 kila kipindi, kunahitaji vipindi 1,080. Mtoto mwenye vipindi sita vya Kiingereza kwa wiki atavimaliza baada ya zaidi ya miaka minne, na hapo hajakosa hata siku moja, wala mwalimu hajaugua.

Kwa hiyo sishangai kwamba kambini midomo hufunguka. Siku ya nne niligombana na mwenzangu juu ya ndoo ya kufulia. Yeye aliikuta tupu akaichukua, mimi nilikuwa nimeenda kuchukua sabuni. Tuligombana kwa Kiingereza kibovu mpaka tukamalizana, na jioni nikiwa kitandani ndipo nilipotambua kwamba zile zilikuwa sentensi zangu za kwanza katika lugha ile ambazo sikuzikariri mahali popote. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko mengine yote. Katika shule nyingi mtoto anayekosea Kiingereza huchekwa na darasa zima, na akishachekwa mara mbili hujifunza kunyamaza. Pale sote tulikuwa wakosaji, wenye ada na wasio na ada, na kosa halikuwa na bei.

Naitaja hofu kwa makusudi, maana kuna shule zinazodhani zinaiga kambi kwa kuweka kibao hicho hicho cha Kiingereza tu, kisha zinakisindikiza na fimbo, au zinamvisha mtoto aliyeteleza kitu shingoni azunguke nacho mpaka ampate mwingine wa kumrithisha. Ngũgĩ wa Thiong'o aliueleza mchezo huo katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986: watoto wa shule za Kenya ya mkoloni wakipokezana kitufe kwa kosa la kusema Kigikuyu, na kila mmoja akigeuzwa mpelelezi wa mwenzake. Anayefanya hivyo leo amechukua kibao cha kambi na kuacha dawa yake. Mtoto anayeogopa hazungumzi lugha yoyote.

Sasa upande wa pili. Januari nikaingia kidato cha kwanza shule ya kata. Wiki ya kwanza nilikuwa hodari: nikiombwa nijitambulishe, nilijitambulisha, nikitaka ruhusa ya kutoka, niliomba. Kisha likaja somo la baiolojia. Mwalimu aliandika ubaoni ukurasa mzima kuhusu namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Habari hiyo niliifahamu tangu shule ya msingi, kwa Kiswahili, na ningeweza kuieleza vizuri. Ubaoni sikuitambua. Kiingereza cha ndoo hakikunisaidia kitu.

Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1970 na 1980, akiwaangalia watoto wa wahamiaji waliojifunza Kiingereza huko. Lugha ya maongezi waliipata kwa miaka kama miwili. Lugha ya darasani, ile ya kufafanua, kulinganisha, kutoa sababu na kusoma kitabu cha kiada, iliwachukua kama mitano hadi saba ndipo wawafikie wenzao. Na hao walikuwa wakiishi Kanada, Kiingereza kikiwa barabarani, dukani na kwenye televisheni. Cambridge, wanaotunga mitihani ya Kiingereza inayofanywa duniani kote, hukadiria kwamba mwanafunzi huhitaji saa 200 hivi za kufundishwa ili apande ngazi moja katika ngazi sita za vigezo vya lugha vya Ulaya. Kambi nzuri ya wiki moja hutoa saa 40 au 50 za masomo. Hiyo haizidi robo ya ngazi, na kidato cha kwanza kinamtaka mtoto awe amepanda ngazi kadhaa.

Tusijifanye kwamba jambo hili limegunduliwa juzi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania, na sekondari ikabaki kwa Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, ilipendekeza sekondari ianze kuhamia Kiswahili. Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu, na matokeo yalitisha: hata katika kidato cha nne, ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Kuanza, baada ya miaka minne! Na bado walishauri Kiingereza kiendelee. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilielekea Kiswahili katika ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023 limekiacha Kiingereza sekondari, huku mtaala mpya ukileta somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza.

Msimamo wangu nausema wazi ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Nakubaliana na Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wa LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia, ambao kwa miaka mingi wameonyesha kwamba mwanafunzi anayefundishwa kwa Kiswahili huuliza, hubishana na huelewa zaidi, na kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri kikiwa somo lenye walimu waliobobea. Mtoto kukijua Kiingereza ni haki yake. Kuzuiwa kujua baiolojia kwa sababu ya Kiingereza ni dhuluma. Lakini mtoto atakayeripoti Januari hawezi kusubiri tumalize mjadala ulioanza kabla ya wazazi wake kuzaliwa. Anahitaji msaada mwaka huu, chini ya sera hii hii, na hapo ndipo ufadhili wa wiki moja unapopaswa kupimwa.

Kosa la kwanza ninaloliona ni la kuchagua. Mfadhili akifika shuleni humwomba mwalimu mkuu watoto bora, naye hutoa wale walioongoza mtihani wa majaribio. Ninaelewa kwa nini. Mtoto hodari hapotezi fedha ya mtu. Lakini wanaoongoza darasa la saba ndio hao hao wanaopangiwa Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala au Msalato, shule ambako watakuta walimu, maktaba na wenzao wanaosoma usiku. Yule wa katikati, wa nafasi ya 20 au 25, ndiye anayekwenda shule ya kata kwa miguu, ndiye anayekaa nyuma na kunakili ubao bila kujua umesema nini. Tangu ada ifutwe mwaka 2016 hadi kidato cha nne, mtoto huyu amepata kiti darasani. Tumempa kiti, tukamnyima lugha inayosemwa mbele ya kiti hicho. Kama wiki ya kambi hufungua mdomo uliofungwa, basi apewe yule ambaye mdomo wake umefungwa kabisa.

Kosa la pili ni kuiacha wiki ikae peke yake. Serikali yenyewe hutenga wiki za mwanzo wa kidato cha kwanza kwa kozi ya Kiingereza ya kuwaandaa wanafunzi, na kila mwalimu anajua yanayotokea: wengine huripoti kozi ikiwa ukingoni kwa sababu sare haijapatikana, kisha ratiba ya kawaida huanza na habari ya kozi huisha. Linganisha na mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2004 kwa jina la English Access Microscholarship, kwa ajili ya vijana wa familia zisizo na uwezo, na ambao ulifika Tanzania pia. Kijana alisoma baada ya saa za shule kwa miaka miwili, kwa jumla ya saa kama 360, na kambi za likizo zilikuwa sehemu ya safari hiyo. Kambi hapo ilimkuta kijana anayejifunza na ikamrudisha kwenye kujifunza. Mimi nilirudishwa kwenye ubao nisioutambua, na ilipofika Juni nilikuwa nimenyamaza tena.

Kuna njia ya bei nafuu zaidi, nayo ni vitabu. Baada ya ripoti ya Criper na Dodd, mradi wa Uingereza wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliopeleka vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa katika sekondari zetu ulianza mwaka 1987. Huko Fiji, watafiti Elley na Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika kila darasa kwenye shule za vijijini ambako watoto walijifunza kwa Kiingereza, lugha isiyo yao. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1983 yalionyesha watoto waliosomewa na kusoma hadithi wakiendelea katika usomaji kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao. Hakuna basi lililokodiwa, hakuna bweni. Kitabu cha hadithi hukaa shuleni baada ya mgeni rasmi kuondoka, na ndicho kinachomfundisha mtoto lugha ya kurasa, ile ambayo ndoo ya kufulia haiifundishi.

Na kuna mwalimu. Yule aliyeandika ubaoni somo la baiolojia hakuwa mtu mbaya. Nikikumbuka sasa, naona alikuwa akinakili kutoka daftari lake la chuo, na nje ya daftari hilo Kiingereza chake kilikuwa na hofu kama yangu. Rwanda, ilipoamua mwaka 2008 kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, iliwapitisha walimu katika kozi fupi za likizo. Baadaye ikaona hazitoshi na ikaweka washauri wa Kiingereza ndani ya shule, wakae na walimu siku hadi siku. Mwanafunzi mmoja aliyefunguka mdomo anajisaidia mwenyewe. Mwalimu aliyeacha kuogopa ataingia darasani kesho, na mwaka ujao, na miaka 20 baada ya hapo.

Ninawaomba wafadhili, makanisa, misikiti, mashirika na wale wanaotoa fedha zao mfukoni: msiifute wiki hii. Mkiwa na nafasi kumi, toeni tatu kwa walimu wa shule ambayo watoto hao wanakwenda. Saba zilizobaki mwombeni mwalimu mkuu azijaze kuanzia katikati ya orodha. Fedha ya vyeti, fulana na mgeni rasmi inunue vitabu vya hadithi, vifike shuleni kabla watoto hawajarudi, vikae katika sanduku lisilofungwa kwa kufuli. Kisha mrudi Juni, mkae darasani kwenye benchi la nyuma kipindi kimoja cha baiolojia, mwone ni nani ananyoosha mkono.