Wakili wa Mwakirunge, Kampala Iko Karibu Kuliko Louisiana



Kuna dada yetu wa hapa Mwakirunge anasoma sheria, yuko mwaka wa mwisho. Katika kikao chetu cha vijana aliulizwa akimaliza atafanya nini. Akasema anataka kwenda Marekani kutetea watu wanaokabiliwa na hukumu ya kifo. Vijana wakacheka. Mmoja akamwambia, "Wewe umetoka jaani, Louisiana utafika lini?" Wodi yetu ikitajwa mjini, watu huliona jaa la taka tu. Tumezoea. Lakini hii ya kuchekwa na wenyewe kwa wenyewe ilituuma, ndiyo sababu twaandika.

Yeye hakukasirika. Alimtaja Mohammed Abdulmalik, ambaye wengi wenu mwamjua. Alikamatwa hapa Mombasa Februari 2007, mwezi uliofuata akawa Guantánamo, na hakurudi Kenya hadi Disemba 2024. Karibu miaka 18, bila kufunguliwa hata shtaka moja. Mawakili waliomng'ang'ania miaka hiyo walitoka shirika la Reprieve la London, lililoanzishwa 1999 na Clive Stafford Smith, Mwingereza aliyevuka bahari akiwa kijana akatumia miaka mingi kusini mwa Marekani akitetea watu waliohukumiwa kifo ambao hawakuwa na pesa ya wakili. "Ikiwa Mwingereza aliweza kumpigania mtu wa Mombasa," dada akasema, "mimi wa Mombasa nitashindwa na nini?"

Hapo kikao kilinyamaza.

Sisi twamwambia nenda. Ila kabla hajaanza kuhesabu nauli ya ndege, tungependa atazame hapa karibu, kwa basi, usiku mmoja na mchana. Manake hiyo kazi anayoiota iko Kampala, iko Dar es Salaam, na mara nyingi anayesimama kizimbani huko ni mtu wa kwetu.

Mkumbuke Julai 2010. Tarehe 11, mabomu yalilipuka Kampala watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Waliuawa watu 76. Ni dhambi kubwa na hatutaipunguza hapa kwa neno lolote. Baada ya hapo polisi wa Kenya walianza kuwakamata watu na kuwavusha mpaka, bila kuwapeleka mbele ya hakimu wa Kenya kusikiza kesi ya kuwahamisha kama sheria inavyotaka. Mwisho wa Septemba mwaka huo Jaji Muchelule wa Mahakama Kuu Nairobi alisema wazi kwamba kumhamisha mmoja wao kulivunja sheria. Uamuzi mzuri sana. Lakini mwenyewe alikuwa ashafika Kampala, na amri ya jaji wa Nairobi haivuki Busia.

Sasa nani atawafuata? Walikwenda wawili. Al-Amin Kimathi wa Muslim Human Rights Forum na wakili Mbugua Mureithi waliingia Uganda tarehe 15 Septemba 2010 kufuatilia kesi hiyo. Wakakamatwa siku hiyo hiyo. Mureithi aliachiliwa baada ya siku chache. Kimathi alifunguliwa mashtaka yale yale, ugaidi na mauaji ya watu 76, adhabu yake kifo. Yaani aliyekwenda kuwasaidia watu wasinyongwe akawekwa kwenye foleni moja nao. Alikaa Luzira karibu mwaka mzima, hadi Septemba 2011 mashtaka yalipoondolewa. Wale mliokuwa wadogo wakati ule, waulizeni kaka zenu jinsi tulivyokuwa tukimwombea misikitini.

Aprili 13, 2011, ujumbe wa mawakili kutoka Kenya ulikwenda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wakili Samuel Mohochi alizuiwa uwanja wa Entebbe, akaambiwa si mtu wa kuruhusiwa kuingia, na alasiri akarudishwa Nairobi bila kupewa sababu. Hussein Khalid, wakati huo akiwa MUHURI hapa Mombasa, pia alizuiwa. Mohochi hakurudi nyumbani kulalamika kwa marafiki. Alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na Mei 17, 2013 mahakama ikasema Uganda ilivunja Mkataba wa Jumuiya pamoja na makubaliano ya soko la pamoja kwa kumzuia hivyo.

Lakini Arusha hiyo hiyo, mwaka huo huo, mlango ulifungwa kwa wengine. Omar Awadh na wenzake sita, ambao walikuwa Luzira, walishtaki Kenya na Uganda kwa namna walivyovushwa mpaka. Kesi yao ilitupwa na kitengo cha rufaa Aprili 2013. Hawakuambiwa ni waongo. Waliambiwa wamechelewa. Mkataba unatoa miezi miwili tu tangu jambo kutendeka, na aliye jela hahesabiwi tofauti. Wakili aliyekuwa huru aliwahi, wafungwa hawakuwahi. Dada yetu, hii miezi miwili iandike kwenye kiganja.

Kesi yenyewe ya Kampala ilianza kusikizwa 2015, na mwezi huo huo wa Machi mwendesha mashtaka wake, Joan Kagezi, alipigwa risasi akafa. Mjue ni kazi ya aina gani hii, kwa pande zote. Mei 2016 Jaji Owiny-Dollo aliwatia hatiani saba kwa ugaidi na mauaji. Watano akawafunga maisha, wawili miaka 50. Wengine watano, akiwemo Omar Awadh, aliwaona hawana hatia ya ugaidi wala mauaji, na wakakamatwa tena papo hapo.

Hakunyongwa mtu. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Miaka kumi nyuma jaji huyo asingekuwa na la kuamua, kwa sababu sheria ya Uganda ilikuwa inasema mtu akipatikana na hatia ya mauaji basi ni kifo, hakuna mjadala. Lililobadilisha ni kesi ya Susan Kigula na wafungwa wenzake 417, ambayo Mahakama ya Juu ya Uganda iliiamua Januari 2009. Kigula mwenyewe alikuwa mahabusi wa Luzira aliyehukumiwa kifo. Alisomea sheria humo humo jela, akatoka 2016. Kwa hiyo ukisema "mimi ni mtoto wa Mwakirunge, sina mtu," kumbuka kuna aliyeanzia chumba cha waliohukumiwa kunyongwa.

Kwetu pia njia ilipita Mombasa. Mwezi ule ule wa mabomu, Julai 30, 2010, Mahakama ya Rufaa ikikaa hapa hapa mjini ilisema katika kesi ya Godfrey Mutiso kwamba kifo cha lazima kwa mauaji kinakwenda kinyume na katiba. Aliyesimama ni wakili wa Mombasa, Timothy Bryant, akisaidiwa na mawakili kutoka London. Mahakama ya Juu ikalimaliza Disemba 14, 2017 katika kesi ya Muruatetu. Lakini msishangilie sana: Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake ni wa kesi za mauaji peke yake. Kijana wa Kisauni akitiwa hatiani kwa wizi wa mabavu, kitabu bado chasema kifo. Ni kweli Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Muulize mama ambaye mwanawe amehukumiwa kama hilo linamlaza usingizi.

Tukirudi kwenye kazi. Watu hudhani kutetea mtu asinyongwe ni kusimama kortini na kusema Kiingereza kizito. Nusu ya kazi hiyo haiko kortini kabisa. Tangu kesi za Kigula na Muruatetu, jaji anaweza kuuliza: mtu huyu ni nani? Na wakili lazima awe na jibu, tena kwa karatasi. Kadi ya kliniki. Barua ya shule inayoonyesha aliacha darasa la sita na kwa nini. Ustadhi wa madrasa aliyemfunza Juzuu Amma. Jirani aliyemwona akipigwa kichwani akiwa mdogo, na hospitali iliyomtibu. Kule Marekani wana watu maalumu wanaolipwa kufanya hilo peke yake, kukusanya maisha ya mtu. Sisi tunaye nani? Mtu akiwa kizimbani Kampala na maisha yake yote yako Majengo au Bamburi, wakili wa Kampala ataanzia wapi? Hajui hata kwamba nyumba ile ina majina mawili, moja la kitambulisho na jingine ambalo mtaa mzima hulitumia.

Hapo ndipo dada yetu ana jambo ambalo Mwingereza hana. Na hapo ndipo na sisi wa diploma, tusio mawakili, tuna kazi. Mwandishi wa makala hii ameshaketi kwenye vibaraza vya watu kutafuta cheti cha kuzaliwa cha kijana aliyekamatwa, siku tatu nzima, mwisho kikapatikana ndani ya mkoba wa shangazi. Hakuna sifa yoyote hapo. Ila bila ya kile cheti, korti ingemhesabu mtu mzima.

Njia yenyewe si rahisi, na hatutaki kumdanganya. Shahada miaka 4, kisha Shule ya Sheria, kisha miezi 6 chini ya wakili mkongwe, ndipo uapishwe. Baadaye ukitaka kusimama korti ya Uganda wahitaji cheti cha muda. Martha Karua, na ukubwa wake wote, Januari 2025 alinyimwa kwanza, akapewa siku chache baadaye, katika kesi ya Kizza Besigye, ambaye naye alitekwa Nairobi Novemba 2024 na kutokea Kampala mbele ya korti ya jeshi. Yale yale ya 2010. Mei 2025 Karua akaenda Dar kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, ambayo adhabu yake ni kifo, akarudishwa. Siku iliyofuata akazuiwa uwanja huo huo Hussein Khalid, yule yule wa Entebbe. Miaka 14 baadaye, na mtu bado apanda ndege. Wallahi huyo ana moyo.

Kuna na upande wa Ghuba, ambako ndugu zetu wako kwa maelfu kazini. Stephen Munyakho alikaa jela Saudia zaidi ya miaka 10 akisubiri kukatwa kichwa kwa kumuua mfanyakazi mwenzake. Kilichomtoa Julai 2025 ni diya, kama shilingi milioni 129, iliyolipwa na Muslim World League baada ya mamake kuhangaika miaka. Huko wakili anayejua kuzungumza na familia ya marehemu, kwa Kiarabu na kwa adabu, ana thamani kuliko mwenye sauti kubwa. Na wangapi wetu tumemaliza madrasa tukijua Kiarabu halafu tukakiacha?

Tumempa dada yetu mambo mawili ya kufanya likizo hii. La kwanza, aende Shimo la Tewa. Ni hapo Shanzu tu, haihitaji viza, na wamo watu ambao hawajaonana na wakili tangu rufaa zao zikwame. La pili, ahakikishe kitambulisho chake kimetoka, kwa sababu Uganda waingia kwa kitambulisho bila pasi, na nyote mwajua vijana wetu huzungushwa namna gani kukipata. Chake alikiomba Januari. Jumatatu twaenda naye kuulizia.