Zebaki ya Rwamgasa: Tuanze na Moshi

Mpe mchoma dhahabu njiti ishirini za kiberiti, mwambie azirudishe kwenye boksi haraka awezavyo. Kwa kipimo hicho wataalamu huchunguza kama zebaki, inayotumika kunasa dhahabu kisha ikachomwa iondoke, imeshagusa mishipa ya fahamu. Aliyeathirika vidole humtetemeka na njiti humponyoka. Mtaani ataambiwa amezidisha pombe.

Mwaka 2003, katika mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, watafiti waliwapima wakazi wa Rwamgasa, Geita, na kuwalinganisha na wakazi wa Katoro wasiofanya kazi na zebaki. Karibu robo ya waliokuwa wakichoma dhahabu walikutwa na sumu sugu ya zebaki.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na wapo wanaotaka zebaki ipigwe marufuku mara moja. Nia yao ni njema. Ila mchimbaji mdogo hana mtaji wa mtambo wa sayanidi wa kutoa dhahabu bila zebaki, na zebaki haikosi njia za panya. Marufuku ya ghafla itamfanya achomee ndani, mlango umefungwa, watoto wakiwa humo humo.

Adui mkubwa ni moshi. Zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hutoka na choo; mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini na kupanda hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana glavu peke yake hazimwokoi mchomaji. Hata Mkataba wenyewe, kwa wachimbaji wadogo, unadai, pamoja na mengine, kukomeshwa kwa uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi.

Chombo kipo: retoti, inayonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Kinachoikwamisha ni kutoaminiana. Mwenye duara (shimo la kuchimba), mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) na wachimbaji wote wana mgao, na kila mmoja anataka kuiona dhahabu ikiiva; ndani ya chombo kilichofungwa haionekani. Basi kila mwalo, yaani eneo la kuchenjulia dhahabu, uwe na sehemu moja ya kuchomea, yenye retoti na mizani, wenye mgao wakishuhudia uzito kabla na baada.

Linabaki suala la matibabu. Fidia ya magonjwa ya kazini humfuata mwenye mwajiri. Anayelipwa kwa mgao hana. Serikali inachukua mrabaha wa dhahabu yake sokoni. Sehemu ya fedha hizo igharamie kipimo cha mkojo kwenye zahanati za machimboni, ili mtu aondolewe kwenye moshi kabla mikono haijaanza kutetemeka.