Dawa ya usingizi kwa simu: Mjamzito wa Shelui aonwe kabla ya uchungu

MJAMZITO wa Shelui, wilayani Iramba, anapolazimika kupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Singida, safari yake huanza kwa kuupanda mlima Sekenke. Barabara hiyo iliwekwa lami katika miaka ya 2000 na adha ya zamani imepungua. Hata hivyo mlima ni ule ule, na uchungu wa kujifungua haungoji gari.

Serikali imeshughulikia sehemu moja ya tatizo hilo. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dodoma mpango wa m-mama kwa nchi nzima, ambapo mama mwenye dharura hutafutiwa usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo. Takwimu nazo zinatia moyo. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya wanawake kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104.

Lakini gari, hata likifika mapema, humbeba mama ambaye hatari imekwisha kumfika. Anapoingizwa chumba cha upasuaji, mara nyingi mtoa dawa ya usingizi ndipo anapomwona kwa mara ya kwanza. Hajui kama aliwahi kufanyiwa upasuaji, kama ana pumu au selimundu, wala kama kuna dawa inayomdhuru. Maswali hayo yangehitaji dakika 15 za mazungumzo. Yanaulizwa, kama yanaulizwa, mama akiwa anavuja damu.

Kwamba jambo hili linaua, ushahidi upo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet Global Health ulionyesha kuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, matatizo ya dawa ya usingizi yalisababisha takriban asilimia 14 ya vifo vya wanawake vilivyofuata upasuaji wa kujifungua. Waliopewa nusukaputi walikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko waliochomwa ganzi ya uti wa mgongo, ingawa ni haki kukumbuka kwamba nusukaputi aghalabu hupewa walio mahututi. Utafiti mwingine, uliohusisha nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019, ulikuta kuwa katika kila wanawake 1,000 waliojifungua kwa upasuaji, takriban 5 walifariki. Kiwango hicho ni karibu mara 50 ya kile cha nchi tajiri.

Ndiyo maana wazo la kumkutanisha mjamzito wa kijijini na mtaalamu wa usingizi kwa njia ya tiba mtandao, wiki kadhaa kabla ya kujifungua, linastahili kupimwa kwa uzito. Nchini Ufaransa, amri ya serikali ya mwaka 1994 inataka mgonjwa aonane na mtaalamu huyo siku kadhaa kabla ya upasuaji uliopangwa, na wajawazito huonwa mimba ikikaribia mwisho, hata anayetarajia kujifungua kwa njia ya kawaida. Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, sehemu ya mazungumzo hayo ilihamia kwenye simu na video.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo inawezekana kwa mbali. Historia ya mgonjwa husimuliwa. Shinikizo la damu na wingi wa damu hupimwa na muuguzi wa kliniki na kusomwa kutoka kwenye kadi. Kinywa kinavyofunguka na mgongo ulivyo huonekana kwenye picha, mtandao ukikubali. Kisichopita kwenye simu ni mkono unaochoma sindano, mtungi wa oksijeni na chupa ya damu.

Hapo ndipo mkoa wa Morogoro unapotoa funzo. Katika mradi ulioanza mwaka 2016, ulioongozwa kutoka Ifakara kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dalhousie cha Canada, watumishi wa vituo 5 vya afya walifundishwa kwa miezi 3 upasuaji wa dharura wa uzazi na utoaji wa dawa ya usingizi, kisha wakaendelea kusimamiwa kwa ziara na kwa mawasiliano ya mbali. Mafunzo yalitangulia, simu ikafuata. Anayedhani kompyuta iliyofungwa kituoni itaziba pengo la mtu asiyekuwepo anajidanganya.

Na watu ni wachache. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wataalamu wa usingizi linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Tanzania haijafikia hata mmoja. Mkoa wa Singida pekee ulihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 2 katika sensa ya mwaka 2022. Nani basi atapokea simu ya Shelui? Ikiwa kazi hiyo haimo katika ratiba ya zamu wala katika malipo, itategemea hisani ya daktari aliyetoka kukesha chumba cha upasuaji. Aidha, ushauri ukikosewa, haijulikani kirahisi anayewajibika ni aliyeutoa au aliyeutekeleza. Siri ya mgonjwa walau ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Faida kubwa ya ushauri wa mapema, kwa hiyo, ni kuchuja: kumtambua mmoja ambaye hapaswi kuanza uchungu akiwa Shelui, na kumhamisha angali anatembea kwa miguu yake. Huenda akapelekwa Kiomboi au Singida. Huenda pia akapelekwa Igunga, ambako njia ni tambarare ingawa ni mkoa mwingine wa Tabora, na hilo litawataka maofisa wa pande mbili wazungumze.

Lakini kuhama kabla ya siku kuna gharama zake. Mama atahitaji nauli, chakula na mahali pa kulala kwa wiki mbili au tatu, pengine katikati ya mavuno ya alizeti, huku watoto wakibaki kwa jirani. Bila nyumba ya mama ngojea karibu na hospitali, ataitikia vizuri kila anachoambiwa kwenye simu, kisha arudi nyumbani kusubiri.