Asilimia Moja ya Kufumba Macho

Dehesa ni wilaya ndogo ya shule mashariki ya jiji la San Diego, California, na wanafunzi wake wenyewe hawafiki hata mia mbili. Hata hivyo, kufikia mwaka 2019 wilaya hiyo ilikuwa imetoa vibali kwa shule za mkataba zenye maelfu ya wanafunzi, wengi wao wakisomea nyumbani kwa kompyuta, mbali kabisa na Dehesa. Mei mwaka huo waendesha mashtaka wa San Diego waliwashtaki watu 11 katika kesi ya A3, kampuni iliyokuwa nyuma ya shule 19 za aina hiyo zilizopewa vibali na wilaya ndogo ndogo, Dehesa ikiwemo. Jimbo lilikuwa limeshazilipa shule hizo dola zipatazo milioni 400. Miongoni mwa washtakiwa alikuwemo mkurugenzi wa wilaya ya Dehesa.

Mbinu yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Watu wa A3 waliviendea vilabu vya michezo vya watoto, wakavilipa, wakapewa majina. Mtoto aliyekwenda kucheza mpira wakati wa likizo akaandikwa kuwa mwanafunzi, na kwa kuwa California huzilipa shule kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, kila jina likawa fedha. Familia nyingine hazikujua kabisa kwamba watoto wao wana shule ya pili. Vinara wawili, Sean McManus na Jason Schrock, walikiri makosa mwaka 2021, na zaidi ya dola milioni 200 zikarudishwa.

Kesi hii imeelezwa sana kama kisa cha matapeli wawili. Mimi naiona kama kisa cha ofisi. Kila moja ya shule zile ilikuwa na wilaya iliyotia saini kibali chake na kuchukua ada ya kuisimamia. Matapeli hawakosekani popote panapogawiwa fedha za umma. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini mwenye dhamana ya kuangalia hakuangalia, na jibu lake limeandikwa ndani ya sheria yenyewe.

Shule ya mkataba, ambayo Wamarekani huiita chata, ni shule ya umma inayoendeshwa na bodi binafsi. Hailipishi karo, hulipwa na serikali kwa kichwa cha mwanafunzi, na imeondolewa sehemu kubwa ya kanuni zinazozibana shule za kawaida. Minnesota ilitunga sheria ya kwanza ya namna hii mwaka 1991, na California ikafuata mwaka 1992. Makubaliano yalikuwa haya: tutawapa uhuru, nanyi mtatupa matokeo, msipoyatoa, mkataba unafutwa. Leo shule hizi zina wanafunzi zaidi ya milioni tatu nchini Marekani, na California ndiyo yenye wengi kuliko jimbo lolote. Wamo watoto wa wahamiaji wa kila namna. Karibu na Clarkston, Georgia, mji uliopokea familia nyingi za wakimbizi, zikiwemo za Wakongo wanaozungumza Kiswahili, kuna shule ya mkataba iliyofunguliwa mwaka 2002 mahususi ili watoto wa wakimbizi na wa wenyeji wasome pamoja. Kwa hiyo nani anazisimamia shule hizi, na kwa nini anazisimamia, ni jambo linalowagusa hata wasomaji wetu walio kule.

California iliamua kwamba kazi hiyo ifanywe kwanza na wilaya ya shule. Bodi ya wilaya, inayochaguliwa kwa kura, hupokea ombi, huitisha kikao cha hadhara, kisha hukubali au hukataa. Ikikubali, sheria inaitaka imteue mtumishi wa kuwasiliana na shule hiyo, iitembelee angalau mara moja kwa mwaka, ihakikishe ripoti zinafika na ifuatilie hali yake ya fedha. Kwa kazi hiyo inaruhusiwa kutoza gharama halisi za usimamizi, zisizozidi asilimia moja ya mapato ya shule, au asilimia tatu ikiwa imeipa shule majengo karibu bila kodi.

Asilimia moja si kitu kwa wilaya kubwa. Shule yenye mapato ya dola milioni 10 huiletea wilaya dola laki moja kwa mwaka, na fedha hizo humezwa na bajeti ya Los Angeles zisionekane zilikoingilia. Zipeleke laki moja hizo kwenye wilaya yenye shule moja au mbili, ambayo watoto wake wanapungua mwaka hadi mwaka, na hapo umelipa mshahara wa mwalimu. Ongeza shule ya pili, ya tano, ya kumi. Kwa kuwa shule ya mtandaoni haihitaji hata darasa moja ndani ya wilaya, majengo hayazuii hesabu hiyo kukua. Ila kila mwanafunzi anayeongezeka kwenye orodha huongeza pia ada ya yule anayepaswa kuuliza kama mwanafunzi huyo yupo kweli.

Onyo lilikuwepo. Mwezi Oktoba 2017 mkaguzi wa jimbo la California alitoa ripoti kuhusu wilaya tatu, Acton-Agua Dulce, Antelope Valley na New Jerusalem, zilizokuwa zimetoa vibali kwa shule za mkataba zinazofanya kazi nje ya mipaka yao. Ripoti ilionyesha vibali vilivyotolewa isivyostahili na usimamizi hafifu. Wilaya inayopokea shule ndani ya eneo lake huwa angalau na sababu ya kujali: watoto ni wake na wazazi ni wapiga kura wake. Ukimpa mtu kibali cha kufungua shule kwenye eneo la jirani, unabaki na ada tu, na lawama zinakwenda kwa jirani. Miaka miwili baadaye sheria iliyopitishwa pamoja na mageuzi ya mwaka 2019 ya kanuni za shule za mkataba ilifunga mlango huo kwa sehemu kubwa. A3 ilikuwa imeshapita.

Sasa geuza upande wa pili, maana watetezi wa shule za mkataba wana hoja ambayo wapinzani wao hupenda kuiruka. Los Angeles si Dehesa. Pale karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano yuko shule ya mkataba, na kila anayehama huondoka na fedha zake, ilhali majengo, pensheni na mikopo ya wilaya vinabaki palepale. Uchaguzi wa bodi ya Los Angeles wa mwaka 2017 uligharimu takriban dola milioni 15, chama cha walimu upande mmoja na wafadhili wa shule za mkataba upande mwingine. Januari 2019, mara tu baada ya mgomo wa walimu, bodi hiyohiyo ilipiga kura kuliomba jimbo lisimamishe ufunguaji wa shule mpya za mkataba. Mwenye shule ya mkataba anayesubiri kuhuishiwa kibali mbele ya bodi hiyo ana haki ya kujiuliza kama anapimwa kwa kazi yake au kwa pengo la bajeti ya anayempima.

Mageuzi ya 2019 yaliikubali hali hiyo waziwazi. Wilaya sasa inaweza kukataa shule mpya kwa sababu ya athari zake kwenye fedha za wilaya, na wakati wa kuhuisha, shule hupangwa katika makundi matatu kulingana na ufaulu: nzuri zaidi zinaweza kupewa hadi miaka saba, dhaifu zinaweza kunyimwa kabisa au kupewa miwili tu ya kujirekebisha. Kuyaweka makundi hayo kwenye sheria lilikuwa jambo la busara, kwa sababu yanaipunguzia bodi nafasi ya kuamua kwa chuki au kwa urafiki. Ila yanapima ufaulu. A3 haikuanguka kwa sababu ya alama za mtihani.

Ukitaka kuona usimamizi huu unavyokuwa kwa vitendo, usiende kwenye vitabu vya sheria. Tazama jalada. Msimamizi wa wilaya hufika shuleni na orodha ndefu: sera ya usalama ipo, bima ipo, leseni za walimu zipo, kumbukumbu za vikao vya bodi zipo, mpango wa zimamoto upo. Kila kipengele kina alama ya vema na nakala ya karatasi. Shule zinazojua mchezo huajiri mtu ambaye kazi yake ni jalada hilo tu. Sidharau karatasi, bima ya shule ni jambo zito siku paa likianguka. Lakini jalada huonyesha kwamba sera ipo. Halionyeshi kama inafuatwa.

Na wakati mwingine hata sera haisomwi. Mwaka 2016 tawi la Kusini mwa California la ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, na shirika la Public Advocates walizipitia sera za kuandikisha wanafunzi ambazo shule za mkataba zenyewe zilikuwa zimezichapisha, wakakuta angalau shule 253 zenye masharti yanayokiuka sheria, zaidi ya moja katika kila tano za jimbo zima. Nyingine zilidai insha au usaili kabla ya kumpokea mtoto, nyingine alama za kiwango fulani, nyingine saa za kazi ya kujitolea kutoka kwa mzazi, nyingine hati ambazo familia ya wahamiaji ingeogopa hata kuulizwa. Yote yalikuwa hadharani, yamepigwa chapa. Kila moja ya shule hizo ilikuwa na msimamizi aliyelipwa kuisimamia, na makosa yakaonwa na watu wa nje waliokaa na kusoma.

Kuna sababu nyingine ya usimamizi kulegea, na hii si fedha. Nenda kwenye kikao cha bodi usiku wa kuhuisha mkataba. Ukumbi umejaa wazazi waliovaa fulana za rangi moja. Mtoto wa darasa la nne anapandishwa kwenye kipaza sauti kueleza anavyompenda mwalimu wake. Mama anazungumza kupitia mkalimani. Wajumbe, ambao wengi wana kazi nyingine mchana, wana mbele yao ripoti ya wataalamu inayosema hesabu za shule haziridhishi. Kuifunga maana yake ni kuwaambia watu hawa, usoni, watafute shule nyingine. Mara nyingi bodi huchagua njia ya katikati: kibali kinahuishwa kwa masharti, na ufuatiliaji wa masharti hayo unarudi kwa ofisa yuleyule mwenye jalada.

Kwa hiyo wako wanaosema wilaya ziondolewe kabisa, kazi ipewe chombo kingine kisicho mshindani. Ohio inawajibu. Huko wasimamizi ni wa aina nyingi, si lazima wawe wilaya, nao hulipwa hadi asilimia tatu. Shule ya mtandaoni ya ECOT, iliyoanza mwaka 2000, ilikuwa na msimamizi wa aina hiyo. Mwaka 2016 jimbo lilipodai ushahidi wa muda ambao wanafunzi walitumia kusoma, ECOT iliweza kuthibitisha wapatao 6,300 kati ya zaidi ya 15,000 iliokuwa imelipwa. Ikaamriwa kurejesha takriban dola milioni 80, na Januari 2018 ikafungwa katikati ya mwaka wa masomo, wanafunzi wapatao 12,000 wakabaki wanatafuta pa kwenda. Msimamizi hakuwa mshindani wa ECOT hata kidogo. Alikuwa analipwa kwa ukubwa wake.

Wala udogo wa wilaya si maelezo kamili. Mwezi Juni 2025 mkaguzi wa jimbo la California alieleza kwamba shule ya mkataba ya Highlands mjini Sacramento, iliyokuwa ikifundisha watu wazima, wengi wao wahamiaji, ilipokea zaidi ya dola milioni 180 isizostahili. Kibali chake kilitolewa na Twin Rivers, wilaya yenye makumi ya maelfu ya wanafunzi. Kuziwekea wilaya ndogo kikomo cha idadi ya wanafunzi wa mkataba wanaoweza kuwasimamia ni hatua sahihi na imechelewa. Highlands ingepita hata kama kikomo hicho kingekuwepo.

Maoni yangu ni kwamba wilaya zibaki na kazi hii, kwa sababu bodi zao huchaguliwa, hukutana hadharani na zinaweza kung'olewa kwa kura, jambo ambalo tume ya mji mkuu haina. Ila ada iondolewe mikononi mwa wilaya. Jimbo likusanye asilimia hiyohiyo, liiweke kwenye mfuko mmoja, kisha wilaya ilipwe kwa kazi iliyothibitika: ziara zilizofanyika, majina ya wanafunzi yaliyohakikiwa kwa kupiga simu nyumbani, mikataba ya kampuni zinazoiuzia shule huduma iliyosomwa kuona wamiliki wake ni akina nani. Wilaya iliyoidhinisha shule 10 bila kuajiri mtu hata mmoja wa kuzikagua isipate senti.

Mfuko huohuo umlipe mkaguzi wa hesabu. Kwa sasa shule ndiyo humteua na kumlipa mkaguzi wake wa kila mwaka, naye hupima sampuli ya kumbukumbu alizopewa na shule hiyohiyo. Kikosi kazi kilichoongozwa na Mdhibiti wa Fedha wa California, kilichoundwa baada ya kesi ya A3, kilitoa mapendekezo yake mwaka 2024, na ukaguzi ulikuwa kiini chake.

Pingamizi kubwa litatoka kwa wilaya zenyewe, na lina uzito wake: fedha za mfuko huchelewa, fomu za kuthibitisha kazi nazo huzaa jalada jipya, na wilaya maskini inaweza kuamua kwamba heri isitoe kibali chochote, hata kwa shule nzuri. Hilo la mwisho linawezekana kabisa. Sheria inamruhusu aliyekataliwa kukata rufaa kwa bodi ya elimu ya kaunti. Na kama wilaya inakataa kusimamia shule kwa sababu italipwa tu baada ya kuonyesha kazi, basi ni afadhali mwombaji alijue hilo siku anapowasilisha ombi, kabla hajaandikisha mtoto hata mmoja.